Kaye ya Ijiene Ingali Mulangoni

Mama Sifa,

Nakuandikia kwenye meza ya karibu na mulango, ile yenye muguu mufupi uliyokuwa unaitegemeza kwa kifuniko cha chupa. Kifuniko kingali pale pale. Wateja wa mchana wameondoka, Mwamini anasugua sufuria nyuma na anaimba vibaya kama siku zote, na ziwa limetulia. Nimejiambia leo ndiyo leo, nitamuandikia. Usicheke mwandiko wangu. Weye ndiye ulinifundisha kushika kalamu, kwa hiyo makosa utakayoyaona humu ni ya sisi wawili.

Jumapili tulitoa kilio chako, matanga yakaisha. Watu walijaa mpaka tukaazima viti kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti, maana ulilisha pande zote mbili na hakuna upande uliokubali kubaki nyumbani. Bugali ilitosha, samaki wa mukeke walitosha, hata sombe ya majani ya muhogo ilibaki. Sifa wako alisema maneno mazuri bila kulia, halafu alipokaa chini akalia kwa niaba ya sisi wote. Lakini sikushika kalamu ili nikuhadithie sherehe. Nina jambo la kukuungamia, na nyuma yake nina aksanti moja kubwa iliyochelewa miaka mingi.

Jambo lenyewe ni hili. Yale maji yako ya pipa, niliyamwaga. Niliyamwaga kabla ya siku ya kutoa kilio. Basi, nimesema. Sasa nisikilize kwanza, utanikasirikia baadaye.

Asubuhi ile moyo wako uliposimama, ulikuwa umekwisha kulijaza pipa. Ulitutangulia kama kawaida, ukachota kwenye robine, lile bomba la barabarani, kabla foleni haijawa ndefu, ukatia dawa, ukafunika kwa kile kitenge chako cha samaki wa njano na kukikaza kwa kamba. Halafu ukakaa kuchagua maharagi. Minye na Mwamini tulipofika na makala ya kuwashia moto, maharagi yalikuwa chini na weye ulikuwa chini. Sitaki kuandika zaidi juu ya asubuhi hiyo. Unaijua kuliko minye.

Tulifungua tena restora wiki moja ilipopita. Sifa ndiye alisema jiko lisizimike, kwamba mama yake angeona haya kusikia wateja wake wa bandari ya Kalundu wanakula mandazi makavu kwa ajili yake. Tukawasha moto. Lakini unajua kwetu: kitu alichokiacha marehemu kwa mukono wake hakiguswi mpaka kilio kitoke. Sapatu zako zilibaki karibu na mulango. Kisu chako cha vitunguu kilibaki juu ya ubao. Na pipa likabaki kwenye kona yake na kitenge juu, na ndani yake maji ya mwisho uliyoyachota. Sisi tulichota mengine kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, tukayatia dawa, tukapikia hayo. Kila nilipopita karibu na pipa nilisema "pole, Mama" na kulizunguka. Mwamini naye alilizunguka. Karibu wiki tatu tulizunguka pipa, katika jiko ambalo hata watu wawili hawapishani bila mumoja kurudi nyuma.

Ndipo ijiene, wakaguzi wa usafi, wakaja.

Si yule Bwana wa koti la kaki uliyemuzoea, huyo alikwisha pumzika kazi zamani, sasa anakuja kula tu. Ni ajenti mupya, mwanamke kijana mwenye miwani na boti za mvua, Madamu mupole ambaye hacheki. Alisalimia vizuri, akatoa pole ya musiba, akaenda musalani kwanza. Safi. Akaangalia mahali pa kunawa mikono, sabuni iko. Akaomba kuona maji. Nikamuonyesha bidoni. Akasema, "Na hilo pipa?"

Mama, nilitaka kumuambia hilo si pipa, hilo ni mama yetu. Yeye akafungua kamba. Kitenge kilikuwa kimelegea upande mumoja, hatukuona, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukigusa. Akamulika kwa telefone. Viluilui vya mbu vilikuwa vinacheza humo ndani bila wasiwasi, na ukingoni kumeota utelezi wa kijani.

Nikamueleza yote. Kwamba maji hayo hatuyapikii, kwamba ni ya marehemu, kwamba tunangojea kilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamusema vibaya. Alisema hata kwao iko vile. Halafu akaomba kaye, lile daftari la ukaguzi, akaketi kwenye meza hii hii, akaandika. Katika muji huu ambamo kolera inaingia nyumba za watu bila kupiga hodi, aliniambia, yeye anaandika alichokiona, na machozi hayana mahali pa kuandikwa. Alitupa siku saba. Akikuta pipa liko vile, anaweka kufuli. Na akirudi anataka kuona kaye zetu zote, na zile za zamani, ili ajue kama sisi ni watu wa uchafu wa siku zote au watu wa kosa moja.

Nilihesabu kwa vidole. Kilio chako kilikuwa bado zaidi ya wiki mbili. Siku saba haziwezi kufika huko hata uzivute namna gani.

Sasa hapa ndipo nitaona haya kidogo.

Unajua ile kaye ya ijiene ilivyokuwa kwako. Restora zingine zote wanaiweka chini ya mukeka, na ajenti akija wanaitafuta nusu saa. Weye uliitundika inje kwenye musumari, chini ya orodha ya vyakula, wazi kwenye ukurasa wa mwisho, ukaushika kwa kibanio cha nguo ili upepo wa ziwa usiugeuze. Muntu yeyote asome kabla hajaketi. Ulikuwa unasema, "Minye sifichi kitu. Asiyependa alichosoma, aende akale kwake." Ajenti anaandika juu kwa Kifaransa, na weye unajibu chini yake kwa Kiswahili, kwa biki ya bluu. Unakumbuka walipoandika kwamba inzi ni wengi? Ukajibu, "Ni kweli. Nimenunua wavu." Wiki nzima wanafunzi wakawa wanakuhesabia: "Mama Sifa, huyu ni inzi wa ngapi? Yeye hakusoma kaye?" Ukawafukuza kwa kitambaa huku unacheka mpaka unashika mbavu.

Na ni katika kaye hiyo nilijifunza kusoma. Wengine walijifunza kwa Biblia, minye nilijifunza kwa pipa na musalani. Kila mchana vyombo vikiisha, uliniketisha hapa, ukaweka kidole chini ya majibu yako, na kusema, "Haya, weye Feza, iko imeandikwa nini?" Neno la kwanza nililolisoma peke yangu maishani mwangu lilikuwa "maji". Nililisoma kwa sauti kubwa hivi kwamba dereva mumoja wa Sange akafikiri nagawa maji, akaomba na yeye glasi.

Basi Madamu alipoondoka, Mwamini akanivuta pembeni. Akasema, "Dada, tugeuze ukurasa. Wa nyuma ni muzuri. Nani atajua?" Na pipa, alisema, tulipeleke kwa jirani, siku ya saba ipite, tulirudishe na maji yake. Mwamini hana ubaya, alikuwa anakutetea kwa namna yake. Na minye, Mama, minye uliyenifundisha, nikageuza. Nikatundika ukurasa wa musimu wa mvua, ule ulioandikwa kwamba hakuna la kusema, jiko ni safi. Nikabana kibanio. Asubuhi yote ya pili wateja walipita, wakasoma, wakaketi, wakala.

Saa saba akaja Bwana wa koti la kaki. Unamujua, hali kitu bila kusoma. Alisimama inje, akavaa miwani, akasoma. Halafu akalowesha kidole, akatoa kibanio na kugeuza ukurasa. Ndiyo, akageuza, kama muntu anayejua nyumba ina vyumba vingapi. Akasoma ule wa pili pole pole. Nilikuwa nimesimama na sahani yake mukononi na nilitaka ardhi ipasuke. Hakunigombeza. Aliweka kidole mahali pale patupu, chini ya mwandiko wa Madamu, akasema tu, "Hapa hapajajibiwa." Akaingia, akala mukeke wake, akaenda.

Niliacha ukurasa mubaya wazi. Nikaubana kwa kibanio. Mama, watu waliondoka! Madereva wawili walisoma, wakatazamana, wakavuka barabara kwenda upande mwingine. Mwalimu wa pale juu alisoma kwa sauti, "viluilui, utelezi," akaniangalia kwa huruma na kuketi hata hivyo, Mungu amubariki. Jioni sombe ilirudi nyumbani kwa Mwamini karibu sufuria nzima. Na ile sehemu tupu ya kujibu ilinishinda. Ningejibu nini? Kwamba nitamwaga maji ya Mama Sifa kwa sababu leta, serikali, imesema? Au kwamba sitayamwaga, na jiko lake lifungwe? Nilishika biki mara tatu, mara tatu nikairudisha.

Siku ya tatu Sifa alishuka kutoka Sange na ufunguo wa valizi yako, lile sanduku la nguo, ili tutafute kaye za zamani. Tulifungua nyumbani kwako, kitandani. Harufu yako ilitoka, na tukakaa kwanza bila kufanya kazi. Kaye zilikuwa chini kabisa, nne, zimefungwa kwa uzi. Sifa akachukua mbili, minye mbili. Tukawa tunasoma na kucheka. Majibu yako, Mama! "Paka si wangu lakini nimemuambia." "Musalani ina mulango mupya, njooni mujaribu." Sifa alicheka mpaka akalala juu ya nguo zako.

Halafu nikafika kwenye kaye ya zamani kuliko zote, na ukurasa ambao sikuwahi kuuona.

Nilisoma tarehe. Ilikuwa mwezi ule ule nilipofika kwako kutoka Runingu, na Aline mugongoni, hajaota hata jino, baba yake ameshaenda kwenye machimbo na jina lake halijarudi mpaka leo. Mwandiko ni wa Bwana wa kaki, naujua kama naujua wangu. Kifaransa. Nacho nilikizoea kwenye kaye hizi, kwa hiyo niliweka kidole chini ya maneno kama ulivyonifundisha na kusoma pole pole. Kwa Kiswahili inasema hivi: "Muosha vyombo anafanya kazi na mutoto mugongoni, jikoni, karibu na vyakula. Haikubaliki. Aondolewe kabla ya kukaguliwa tena. Asipoondolewa, restora itafungwa."

Aondolewe. Huyo ni minye, Mama. Muosha vyombo ni minye.

Na chini yake, biki yako ya bluu: "Ni kweli mutoto hapaswi kukaa jikoni. Nimekubali. Lakini mama yake haondoki. Nitamujengea mutoto kibanda nyuma ya jiko kesho. Mbao sina, nitatoa ubao wa jina la restora. Mukitaka kufunga, mufunge, na mimi nitatoka pamoja naye." Na sahihi yako, kubwa, yenye mukia.

Sifa aliniuliza, "Feza, iko nini?" Nilimupa kaye, na yeye akasoma.

Mama Sifa, ngoja nikukumbushe nilivyokutenda. Wiki ile ulinijia, ukamutoa Aline mugongoni mwangu kwa mikono yako, ukasema, "Huyu asiingie tena jikoni kwangu." Basi. Hukuongeza neno. Nilikutukana kwa Kifuliiru mpaka jioni, moyoni, huku naosha sahani zako. Nilisema huyu mwanamke amemuona mutoto wangu kama uchafu. Kibanda ulichokijenga nyuma, kwa misumari yako mwenyewe, nilikitazama kwa jicho baya. Na miaka ikapita, tukawa mama na mwana, na bado kila mara tukigombana nilikutupia lile: "Weye si ndiye ulimufukuza Aline?" Na weye kila mara ulijibu vile vile, bila kupandisha sauti: "Ndiyo, nilimufukuza. Lete sahani." Mara ngapi? Miaka kumi na sita, Mama! Ulikuwa na jibu ndani ya valizi, kwa mwandiko wako, na hukunionyesha. Kwa nini? Uliogopa nitajiona muzigo? Uliogopa nitamuchukia yule muzee?

Na ule ubao. Ee Mungu wangu, ule ubao. Nilipofika kulikuwa na ubao juu ya mulango, mweupe wenye rangi nyekundu. Baadaye haukuwepo, na restora yako ikaitwa "pale kwa Mama Sifa" bila kibao mpaka leo. Nilipokuuliza ulisema ni upepo wa ziwa. Na minye nilikuwa naingia kila siku katika kibanda kile kumunyonyesha mutoto wangu, nainua macho, naona juu, kwenye paa kwa ndani, michoro myekundu iliyogeuzwa miguu juu. Nilifikiri ni urembo tu. Sikujua kusoma. Mwaka ule ziwa lilipopanda na kubeba kibanda, nilikuwa bado sijafika kwenye herufi kubwa. Mutoto wangu alijifunza kuketi na kusimama chini ya jina lako, na minye mama yake sikujua.

Nilipogeuza ukurasa wa kaye ile, niliona ajenti alikuwa amerudi. Mwandiko ule ule wa Bwana wa kaki: "Mutoto hayuko jikoni. Muosha vyombo: mikono safi sana." Chini hukujibu kitu. Uliweka sahihi tu.

Na sasa ninajua kwa nini kila mara alipokuja kula, ulikuwa unaniita minye. Mwamini akitaka kumupelekea sahani, unamurudisha. "Mama Aline ndiye atamupelekea." Ulitaka aione hiyo mikono. Ulikuwa na kichwa kigumu, Mama Sifa, na hasira yako ilikuwa ya muda mrefu, na yote uliitumia kwa ajili yangu.

Basi nililia, nikanawa uso kwenye beseni lako, nikamuambia Sifa, "Nimejua la kujibu." Kwa maana nilijiuliza hivi: muntu aliyeng'oa jina lake juu ya mulango ili mutoto wa mugeni apate kivuli, huyo ndiye nitamufungia jiko lake kwa ajili ya pipa la maji? Ungenipiga kwa muwiko. Nilikusikia kabisa: "Weye Feza, iko unalinda viluilui?" Sifa akasema yeye ni mutoto wako wa tumbo, na kama kuna kosa kwa marehemu atalibeba pamoja nami.

Kesho yake asubuhi tukayatoa, watatu, minye, Sifa na Mwamini. Mwamini alikuja anakataa, akamaliza akiwa ameshika pipa kuliko sisi. Hatukuyamwaga barabarani kama maji ya vyombo. Tulilibeba pipa mpaka nyuma, mahali kibanda kilipokuwa, pale ambapo nyasi zimeota tangu ziwa lishuke. Sifa alisema Baba Yetu. Minye nilisema aksanti. Maji yakatoka taratibu, yakazama, na ardhi ikayanywa yote. Halafu tulisugua pipa kwa muchanga wa ziwa, tena kwa sabuni, tena kwa javeli ya kuua vijidudu, mpaka vidole vikabadilika rangi. Kitenge chako nilikifua na kukianika, na pipa nikalinunulia kifuniko cha kweli, kizito, kwa sababu samaki wa njano ni wazuri lakini mbu hawawaogopi.

Kisha nikaja kwenye musumari, nikachukua biki, nikajibu. Niliandika hivi: "Ni kweli. Maji haya aliyachota mama yetu asubuhi aliyokufa na tulishindwa kuyagusa. Leo tumeyamwaga kwa heshima. Pipa limesuguliwa. Pia ninaandika kwamba ukurasa huu niliuficha asubuhi moja. Sitarudia." Mwamini alisema hilo la mwisho lilikuwa la nini, hakuna aliyeuliza. Nilimuambia ndiyo maana.

Siku ya saba Madamu alirudi na boti zake. Aliangalia pipa, akanusa, akatia kile kikaratasi chake kinachobadilika rangi, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Halafu akaketi na zile kaye zako. Alikaa muda mrefu sana, Mama, minye nikawa napanga upya vijiko vilivyopangwa. Nikamusikia anacheka peke yake. Nadhani alifika kwa paka. Halafu nikajua amefika wapi, kwa kuwa aliinua macho akaniangalia mikono. Aliandika: "Pipa safi, maji yana dawa, restora iendelee." Akasukuma kaye kwangu na kusema mwenye restora atie sahihi.

Nikamuangalia Sifa. Miaka yote nikitia sahihi kwa niaba yako ukiwa sokoni, niliandika "kwa Mama Sifa". Nikaanza kuandika hivyo tena. Sifa akaweka mukono juu ya kaye. Akasema yeye ana shule yake na watoto wake Sange, na kwamba weye ulikwisha kumuambia zamani jiko hili ni la nani, ila ulitaka kwanza nijue kusoma vizuri. Hata hilo ulificha! Weye uliyesema hufichi kitu!

Niliandika jina langu lote. Halafu nikaenda nyuma kulia, na Mwamini akaunguza vitunguu kwa kunifuata.

Mengine ni machache. Bwana wa kaki alirudi, akasoma jibu, akaketi. Nilimupelekea mukeke kwa mikono yangu, na pembeni ya sahani nikaweka ile kaye ya zamani, wazi kwenye ukurasa wake. Si kwa kumuumiza. Nilitaka ajue kwamba najua, na kwamba chakula ni kile kile. Alisoma, akavua kofia, akakaa nayo magotini. Baadaye akaniuliza kama Aline amefaulu. Amefaulu, Mama. Iko mwaka wa nne mu humanite, sekondari ya juu, na nimemuonyesha ukurasa. Alisoma mbio mbio kama wanavyosoma watoto hawa, halafu akasoma tena pole pole, na tangu hapo kila Jumamosi anakuja kuosha vyombo bila kuitwa.

Madereva wale wawili nao wamerudi. Wamedai kwamba walikuwa safarini. Nimewaacha.

Aksanti, Mama Sifa. Aksanti kwa ubao. Aksanti kwa kuninyamazia nilipokutukana, na kwa kunifundisha kusoma, ingawa ulijua ipo siku nitafika kwenye ukurasa ule. Nilipaswa kukuambia haya ukiwa hapa, mukono wako ukiwa mezani. Sikujua. Sasa najua, na nitajua kila siku.

Pumzika, usijali jiko. Nakuahidi: kila watakachoandika, kibaya au kizuri, kitatundikwa inje na jibu langu chini yake. Na akija mwanamke na mutoto mugongoni kuomba kazi, nitamutoa mutoto jikoni kama ulivyofanya, na mama yake atabaki. Aline anataka tuchore ubao mupya wenye jina. Nimemuambia ni vizuri, lakini auchore pande mbili, inje na ndani.

Ni minye, Feza, mama ya Aline, muosha vyombo wako. Pipa limejaa na limefunikwa.